Godoro Lililokimbia Mara Mbili

Ninyi vijana wa Kilibula, hapa Uvira, mnasema nilikuwa na bahati. Nimewasikia, masikio yangu bado yanafanya kazi. Mnapita mbele ya nyumba yangu, mnaonyeshana bati na ukuta wa matofali ya kuchoma, mnasema: "Mama huyu alipata bahati wakati wa vita." Yee! Bahati ni jina la mtoto wangu wa kwanza, na nilimzaa kwa uchungu. Bahati nyingine mimi siijui. Anayeijua aniletee hapa nyumbani niitazame sura.

Nimefanya biashara ya ndagala, dagaa wa ziwa letu la Tanganyika, tangu nilipokuwa msichana hadi magoti yalipokataa kuchuchumaa. Sasa nimestaafu, kama mwanamke wa soko anaweza kustaafu, maana hakuna aliyenipa barua wala saa ya ukutani. Niliamka siku moja nikasema basi, nikarudi kulala.

Nasema haya kwa sababu ya Neema, binti wa mdogo wangu Riziki. Neema ni mtoto wa kisasa. Anafanya kazi Bujumbura kwenye ofisi yenye mashine ya baridi, na ndani ya simu yake anamiliki vipande vidogovidogo vya makampuni ya watu, zile mnazoziita hisa. Juzi alikuja kwangu macho yamevimba. Aliamka asubuhi, akafungua simu, akakuta bei zote zimekuwa nyekundu. Kabla hajapiga hata mswaki akauza zote kwa hasara. Jioni bei zikaanza kupanda tena.

"Nani alikukimbiza?" nikamuuliza.

"Bote balikuwa banauza, mama mukubwa."

"Bote ni banani? Uliwaona?"

Nikamwambia aingie chumbani akae kitandani kwangu, nimweleze habari ya godoro la Papa Dede. Nanyi wengine sogeeni msikie, maana ugonjwa wake ndio wenu.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Ndagala huvuliwa gizani. Wavuvi wanawasha taa, ndagala wanafuata mwanga, wavu unapanda umejaa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haimdanganyi samaki yeyote. Kwa hiyo kila mwezi iko siku za shibe na siku za njaa. Wakati wa giza ndagala zinamwagwa ufukweni hadi watoto wanazikanyaga, na bei inaanguka. Mwezi ukikua, bei inapanda. Hata mbuzi wa Uvira wanajua hilo. Lakini kujua siyo kazi. Kazi ni namna tumbo lako linavyokufanyia siku ambayo kila mtu kando yako anapiga kelele.

Mimi mwenyewe nilijua, na bado nilinunua gunia langu la kwanza chini ya mwezi mpevu. Wanawake walikuwa wanasukumana pale ufukweni, wanapiga kelele kwamba kesho zitakwisha kabisa. Nami nikasukumana, mpaka kitenge kikachanika. Nilirudi nyumbani na gunia moja kwa bei ya mbuzi mwenye mimba, nikijiona mshindi. Mwezi ukazeeka, giza likaingia, ziwa likamwaga ndagala kama kawaida yake. Gunia langu likawa halina thamani ya kamba iliyolifunga.

Aliyenicheka ni Koko Venansia. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa bibi mwenye depo karibu na ufuko, nyumba ya kuwekea ndagala kavu, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pilipili ya bondeni. Alichungulia gunia langu, akacheka hadi akashika ukuta.

"Weye mutoto, nani alikuficha mwezi? Iko juu pale, ata kipofu banamuelezaka."

"Niliona bote banasukumana, Koko."

"Kumbe ulinunua batu! Sasa uzisha hao batu, tuone bei yao."

Nililia kwa hasira. Kesho yake nikarudi kwake nikamwomba anifundishe. Akanipa ufagio.

Koko hakupenda methali. Mtu akimwambia subira yavuta heri, anajibu: "Subira inavuta wadudu." Na ni kweli, nendeni mkajaribu. Chukua ndagala kavu, funga kwenye gunia, kaa chini ungoje bei ipande. Utafungua gunia ukute vijidudu vyeusi vinafanya harusi na unga umebaki chini. Kungoja bei ni kazi ya mgongo. Unatoa magunia nje, unatandaza ndagala kwenye shitingi, turubai la plastiki, juani, unapepeta mchanga, unachambua zilizovunjika, unaanua kabla ya mvua, unarudisha magunia juu ya mbao yasiguse sakafu. Kisha baada ya siku chache unaanza upya. Ninyi mnafikiri anayengoja ni yule aliyekunja mikono. Huyo hangoji, huyo amelala.

Na kuna faida nyingine ya kuanika, nilikuja kuijua baadaye. Ukianika, unakaa kando ya njia kutwa nzima. Unaona nani anapita.

Jambo la pili la Koko lilikuwa nauli ya ngambo. Ngambo kwetu ni Burundi, kule unakoingia kwa mpaka wa Kavimvira ukiwa na karatasi, au kwa mtumbwi ukiwa na haraka. Depo ya Koko ilikuwa ya wanawake wengi. Kila mmoja alileta ndagala zake, zikachanganywa na za wenzake, naye akawa na sehemu yake katika yote. Hakuna aliyesema gunia hili langu, lile lako. Ukitaka kutoka, unaiuza sehemu yako, lakini lazima kwanza uwaulize wenzako wa depo kabla hujamtafuta mtu wa nje. Na mwanamke mpya akija na magunia yake kichwani, Koko alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nauli yako ya ngambo iko wapi?"

Alitaka kuiona kwa macho, imefungwa kwenye pindo la kitenge: ya kuvuka wewe na watoto wako, na ya kula mpaka upate pa kushika. Kama huna, magunia yako yanarudi yalikotoka. Wengine walimtukana. Walisema ana roho mbaya.

"Franga ya kukimbia haikai na franga ya kungoja," alitujibu. "Ukizichanganya, siku bunduki inalia utauzisha yote kwa muntu wa kwanza mwenye atakuya. Muntu mwenye hana nauli hana moyo. Iko na woga tu, ata akuwe simba."

Nilidhani ni ukali wa uzee. Mungu anisamehe, nilikuwa mjinga wa afya njema.

La tatu ni makala, makaa ya kupikia. Hili msicheke. Tulipokuwa tunaishi na askari mjini, wa huyu au wa yule, maana walibadilika kama mashati, Koko hakuwauliza askari chochote. Askari haambiwi ukweli na mkubwa wake, atauambia wewe? Koko alitazama wake zao wakija kununua makala. Mke wa askari akinunua gunia zima, ujue wanakaa. Akinunua rundo dogo la kupikia jioni hii tu, funga mizigo. "Mwanamuke hanunui makala ya kuachia adui," alisema.

Vita ya kwanza ilipofika, wake wa askari walinunua rundo, kisha hawakuja tena. Koko akatia kufuli depo, akatuambia tuvuke, na tukavuka. Nilikimbia, sikilizeni vizuri, mimi mnayeniita mwanamke wa chuma. Nilikimbia na Bahati mgongoni, nikaacha ndagala za msimu mzima, wala sikugeuka. Kuna jirani yetu, baba wa watoto wengi, alitoka salama akafika mpakani, halafu akarudi kuchukua gunia. Hatukumwona tena. Kwa hiyo asije mtu akasema Mama Bahati anafundisha kubaki. Kubaki mbele ya risasi ni ujinga. Ninachokataa ni kukimbizwa na mdomo wa mtu.

Sasa vita ya pili. Koko alikuwa amekwisha kufa, kifo chake mwenyewe, kitandani mwake, wachache walipewa zawadi hiyo miaka ile. Ufunguo wa depo ulikuwa kiunoni mwangu. Depo ilikuwa imejaa, maana tulinunua gizani kama alivyotufundisha. Ghafla barabara ya bonde la Ruzizi ikafungwa, malori ya Bukavu hayashuki tena. Wenye bunduki wakakataza taa ziwani, ndagala mpya zikaisha. Ungefikiri bei itapanda. Wapi! Kama lori haliji, unamuuzia nani? Bei ikaanguka, na huku milio inasikika juu milimani, upande wa Mulenge, leo inasogea, kesho inarudi nyuma.

Hapo akatokea Papa Dede. Alikuwa muuza vitenge na saruji, tumbo la mviringo, manukato mazuri, kicheko cha kukufanya umwamini. Ndagala alizijua kwenye sahani tu. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akinunua ndagala kwa bei ya majani.

"Niko nabasaidia tu, bamama bangu," anasema. "Mupate nauli. Mambo ni mabaya."

Kwangu alikuja mara nyingi. Kila mara nilimpa maji ya kunywa na kiti, kisha nikamwambia hapana.

Asubuhi moja nilikuwa nimetandaza ndagala kando ya njia, akapita mke wake, Mama Dede, anakwenda upande wa Kavimvira. Kichwani amebeba godoro la sponji lenye mistari, limekunjwa, limefungwa kwa utambaa mwekundu, na pembeni lina alama nyeusi ya pasi, mtu alilichoma akinyoosha nguo. Alipita polepole katikati ya njia, bila kumsalimu mtu. Ha! Mliona moto kwenye nyasi kavu? Mke wa Papa Dede anakimbia! Papa Dede anayejuana na wakubwa wote! Kabla godoro halijafika kona, majirani walikuwa wanafunga masufuria kwenye mashuka.

Riziki, mdogo wangu, akaja anakimbia, Neema mgongoni. Ndiyo, Neema huyuhuyu wa simu, alikuwa mgongoni ananyonya kidole.

"Yaya, dada yangu, batu banakimbia, weye uko naanika ndagala?"

"Bake ya askari bamenunua makala leo asubui," nikamwambia. "Gunia mbili. Niliona."

"Weye unaamini makala, minye naamini macho yangu. Mama Dede amepita na godoro! Lisemwalo lipo, Yaya."

"Na kama haliko?"

"Kama haliko, linakuya! Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Minye nachagua kicheko. Unipe franga ya sehemu yangu."

Alifuata sheria ya depo, aliniuliza mimi kwanza. Nami sikuwa na kitu. Nilikuwa na nauli tu, yangu na ya watoto wangu, imefungwa kiunoni chini ya nguo. Yake mwenyewe Riziki alikuwa ameila zamani, kidogo kidogo, mara kiatu, mara sherehe ya ubatizo, kwa kuwa Koko hakuwepo tena kumkagua mlangoni na mimi, dada yake, niliona haya kumkagua. Nikamwambia kama risasi zikija tutavuka pamoja, nauli yangu tutaikata vipande. Lakini kununua sehemu yake kwa nauli ya Bahati, sitafanya.

Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

"Kama Bahati atakufa juu ya ndagala," akasema, "usiniite mu kilio."

Mchana huo aliuza sehemu yake kwa Papa Dede. Alipewa nauli ya kuvukia na labda bugali wa siku chache, basi, kwa kazi ya msimu mzima. Papa Dede akatuma vijana wake wakabeba magunia ya sehemu hiyo kutoka depo, nami nikawafungulia kwa mkono wangu. Kesho yake asubuhi Riziki akavuka, hakunipungia mkono.

Mnataka niwaambie sikuogopa? Niliogopa! Usingizi ulikataa, kila mtoto akiangusha sufuria niliruka. Niliwaza: Riziki ni mdogo lakini ana akili, huenda mimi ndiye mjinga. Sikuwa shujaa kuliko yeye. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: mimi nilikuwa na nauli kiunoni. Nilijua saa yoyote miguu yangu inaweza kuondoka, kwa hiyo macho yangu yakapata ruhusa ya kutazama. Yeye miguu yake ilikuwa imefungwa kwenye zile ndagala, ikabidi aziuze ndipo aweze kusimama. Huyo ndiye anayeuza kwa bei ya majani, siku zote, hapa na huko kwenye simu zenu.

Basi nikaendelea kuanika. Wanawake wenzangu wa depo waliobaki wakaja kukaa nami kwenye shitingi, nusu wanasaidia, nusu wananilaumu. Mama Furaha, mwenye watoto wadogo kuliko wote, alisema akisikia neno moja zaidi anauza. Nilikuwa napepeta mchanga nikitazama njia.

Nikaliona godoro.

Mistari ileile. Utambaa mwekundu uleule. Alama ya pasi ileile. Linakwenda Kavimvira, polepole, katikati ya njia.

Jamani, godoro haliwezi kukimbia mara mbili upande uleule bila kurudi katikati! Nikasimama, ungo mkononi.

"Mama Dede! Habari ya ngambo? Umerudi lini?"

Akasimama. Jasho linamtiririka, shingo imeingia mabegani. Alitazama nyuma, akatazama mbele.

"Mama Bahati, uniache," akasema kwa sauti ya chini. "Shingo inaniuma. Muulize mwenyewe Papa Dede."

"Na unarudiaka njia gani?"

"Ya ufukweni. Banalifunika na shitingi."

Maskini wa Mungu. Nikamtua lile godoro, nikampa maji, akaketi juu yake akipumua. Mama Furaha alianza kucheka, akacheka hadi akalala kwenye ndagala. Kisha akaacha kucheka, akasema neno juu ya Papa Dede ambalo siwezi kuwaambia ninyi. Nami nilikuwa nimeshika ungo, namwaza Riziki, aliyevuka mpaka akifuata godoro lililolala nyumbani kwa Papa Dede.

Siku ileile tulitoa depo nzima. Nzima! Hatukuacha gunia ndani. Tulitandaza ndagala kando ya njia toka kwangu hadi penye bomba la maji, tukajifunga vitenge vizuri vya kanisani, tukakaa kila mtu na ungo wake. Milio bado ilikuwa inasikika kule juu. Nauli zilikuwa viunoni. Kila aliyepita na mzigo kichwani alituona, wengine wakasimama, wengine wakarudi nyumbani kuwasha moto. Papa Dede alipopita, nilimwita mbele ya watu wote.

"Papa Dede! Godoro limepumzika? Ama kesho linakimbia tena?"

Alicheka kile kicheko chake, lakini hakusimama.

Je, tungeweza kukosea? Ndiyo. Risasi zingeweza kushuka siku ile, nasi tungekimbia na kuacha ndagala zikauke mpaka Kiama. Nimewaambia, niliwahi kuacha. Lakini tungezikimbia risasi, siyo godoro.

Majuma yalipita, bunduki zikahamia kwingine, barabara ikafunguliwa. Malori ya Bukavu yakashuka yana njaa, na ndagala Uvira nzima hakuna, kwa sababu taa bado zilikuwa zimekatazwa. Bei ikapanda hadi wenyewe tukaona aibu kuitaja. Na hapo, vijana, ndipo ugonjwa wa pili ulipoingia, ule unaofanana na afya. Mama Furaha yuleyule aliyetaka kuuza kwa bei ya majani sasa hataki kuuza kabisa. "Tungoje, Mama Bahati! Kesho itapanda tena!" Macho yanamng'aa. Nikamkumbusha gunia langu la mwezi mpevu na kitenge kilichochanika. Nikamwambia taa zikirudi ziwani asubuhi moja tu, ndagala zitamwagika tena. Tuliuza, tukabakiza kidogo cha kula. Kweli ilipanda zaidi baada yetu, na Mama Furaha alininunia. Mpaka ruhusa ya taa ilipotoka, akaacha kununa.

Na Papa Dede je, aliyenunua ndagala za nusu ya mtaa kwa bei ya bure? Huyo angekuwa tajiri kutuzidi sote, kama angekuwa na mgongo. Alizijaza kwenye ghala lake la saruji, sakafuni, akapiga kufuli akangoja heri. Nani wa kuanika? Wanawake wanaojua kuanika aliwakimbiza mwenyewe kwa godoro lake, wako ngambo wanakula maharagwe ya msaada. Lori lilipofika akafungua mlango, vijidudu vikatoka kumpokea. Dereva alichota kiganja, akanusa, akapanda lori lake.

Akaja kwangu. Hakukubali kiti safari hii.

"Mama Bahati, munisaidie. Muanike, muchambue, zile nzima bado ni nyingi. Lori litarudi. Nitalipa kila muntu."

"Utalipa," nikasema. "Lakini kwanza sehemu ya Riziki inarudi mu depo, kwa bei ileile uliyomupa. Na wengine wote walio ngambo, hivyo hivyo, zile tutakazookoa."

"Bei ileile? Mama, hiyo ni wizi!"

"Njo vile, bei ileile. Weye ulisema ni musaada."

Alizunguka ua wangu mara kadhaa akisema na Mungu. Hatimaye akakubali, kwa kuwa wadudu hawangoji mazungumzo.

"Na jambo lingine," nikasema. "Godoro."

"Godoro gani?"

"Unalijua."

Riziki aliporudi kutoka ngambo alikuwa amekonda, kanga imekwisha, Neema anakohoa mgongoni. Hakuniangalia usoni. Aliingia chumbani kumlaza mtoto. Nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya kitanda changu, kidole chake kiko kwenye alama ya pasi.

"Yaya," akasema, "hili godoro…"

Nikamweleza yote. Alikaa juu yake, akalia sana, nami nikalia naye, kwa maana lile neno la kilio lilikuwa bado limekaa kati yetu. Halafu akaanza kucheka katikati ya machozi, akanipiga bega, akasema: "Kumbe nilikimbia sponji!" Nikampa franga ya sehemu yake, ile iliyookolewa. Kabla hajaitia mfukoni nikaweka mikono kiunoni, nikamuuliza nauli yake ya ngambo iko wapi. Sikuona haya tena. Alifunga pindo la kitenge mbele yangu.

Kwa hiyo mkisema bahati, nakataa, na nitakataa mpaka mnizike. Tulikuwa wanawake wenye woga, migongo inauma, kando ya njia. Hakuna kingine.

Neema alisikiliza haya yote juzi, ameketi kitandani kwangu, simu mapajani. Nilipomaliza nikamwambia ainuke kidogo, afunue shuka. Godoro limekuwa jembamba kama chapati, mistari imefifia, lakini ile alama ya pasi bado iko. Akaigusa kwa kidole.

"Sasa, mama mukubwa," akaniuliza, "mu simu, nani njo anabebaka godoro?"

"Jina lake silijui," nikamwambia. "Weka nauli yako kiunoni, kisha ukae kando ya njia ukianika. Atapita mara ya pili."